Mwalimu wa Bloki

Alizaliwa upande gani wa mto, ukoo wake ni upi, baba yake alikuwa nani: hayo sitayagusa. Kwanza siyajui vizuri, na pili yeye mwenyewe yalikuwa yamemchosha. Huku kwetu Rusizi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kila aliyekulia Kongo kisha akarudi huulizwa mambo hayo mpaka basi, na yeye alikuwa na jibu moja kwa wote: "Miye niko muntu wa Kamembe, na kazi yangu ni bloki." Kwa hiyo nitamwita kama tulivyomwita sote, wakubwa kwa wadogo. Mwalimu.

Tulifanya kazi jengo moja miaka mingi. Kituo chetu kilikuwa na vyumba viwili vyenye maana. Kimoja changu, nilimofundisha wasichana kazi za sekretari: kupiga chapa, kupanga barua, kujibu simu kwa adabu hata kama anayepiga hana adabu. Cha pili chake, chenye kompyuta za watoto waliokuja baada ya shule. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na naweza kusema bila kuapa kwamba nimemsikiliza Mwalimu kuliko nilivyomsikiliza mume wangu.

Asiyezijua bloki aelezwe. Kwenye skrini kuna vipande vya rangi, kila kimoja kina agizo lake: tembea, geuka, sema, subiri, rudia. Mtoto anavuta kipande kwa kipanya, anakibandika chini ya kingine, na paka aliyechorwa pembeni anafanya alichoagizwa. Hakuna kuandika chochote. Vipande vyenyewe hukaa kwenye madroo upande wa kushoto wa skrini, madroo mengi, na zamani nusu ya somo ilikuwa inakwisha watoto wakifungua hili na kufunga lile, wakitafuta kitu walichokitumia juzi tu.

Mwalimu alikuwa mtu wa sweta moja. Sweta la kijivu, viwiko vimetoboka, na mvua au jua lilikuwa mwilini. Alifika kabla ya mlinzi, akamsubiri mlinzi mlangoni kama yeye ndiye mgeni. Akiingia alifuta kibodi moja moja kwa kitambaa chenye maji kidogo, na kama alikuta makombo ya mandazi alipiga kelele peke yake chumbani, maana wenye makombo walikuwa bado shuleni. Chai alikunywa imeshapoa. Nilimwambia mara nyingi kwamba chai baridi ni dawa, si chai. Alisema ya moto inamharakisha.

Uwanja wa ndege uko karibu nasi, na ndege ikipita juu ya mabati husikii hata mawazo yako. Walimu wengine wangepaza sauti. Yeye aliinua kidole, akanyamaza, na ndege ikishapita aliendelea palepale alipokatiza, hata kama ni katikati ya neno. Akiwa amesema "kompyu", basi baada ya ndege ulisikia "ta". Watoto walijua, walikuwa wanangoja ile nusu wakiwa wameshika vinywa ili wasicheke. Wanafunzi wangu nao upande wa pili waliacha kupiga chapa ili waisikie.

Ukali wake ulikuwa wa sauti tu. Kuadhibu hakuweza kabisa. Mtoto akivunja kitu, mlango wangu uligongwa, na pale kizingitini yuko Mwalimu na mhalifu wake. "Maman, unisaidie kumugombeza huyu. Miye leo siwezi." Hiyo "leo" ilikuwa ya kila siku. Mimi kugombeza najua, Mungu amenijalia. Basi nikianza kazi, yeye alisimama nje akitikisa mguu, na kabla sijafika hata nusu aliingia tena. "Inatosha, Maman. Amesikia. Si umesikia, wee?" Kanisani pia alikuwa hivyo hivyo, aliimba kuliko kwaya nzima, na vibaya kuliko kwaya nzima, akiwa amekaa karibu na mlango, na matangazo yakianza alikuwa ameshatoka. Nyumbani hakuwa na kompyuta. "Ku nyumba ni fasi ya kulya na kulala," alisema. Jambo hilo lilinishangaza mpaka nikaacha kushangaa.

Sasa niseme habari ya Mukumbushaji, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijali kuliko zote.

Msimu mmoja wa mvua, matope yaliwazuia watoto, wa vijiji vya Gitambi na hata wa karibu, na chumba kikawa kitupu wiki nyingi. Mwalimu alikaa humo peke yake akaandika programu ndogo ya kupachika ndani ya ile kubwa ya bloki. Kazi yake ilikuwa moja: kukumbuka. Mtoto akibandika kipande, pembeni panatokea vipande vichache ambavyo huwa anavitumia baada ya hicho, kile anachokitumia zaidi kikiwa juu. Hana haja ya kuchakura madroo, anachukua na kuendelea. Jina lile la Mukumbushaji programu ilipewa na watoto wenyewe.

Lakini hakuifanya imkumbuke mtoto. Aliifanya ikumbuke kompyuta. Watoto wetu wengi ni wa wafanyabiashara wanaovuka mpaka kila siku, familia leo ziko hapa, mwezi ujao ziko Bukavu, na jina la mtoto mmoja lina maandishi mawili, ya huku na ya kule. Mwalimu alikataa habari ya kuandikisha majina. "Mutoto anahama," aliniambia, "kiti hakihami." Kwa hiyo kila mgeni aliyeketi alirithi mazoea ya aliyemtangulia, na viti vikapata tabia. Kulikuwa na kiti cha muziki. Kulikuwa na kiti cha vita, ambacho mamake mtoto mmoja alikuja kukilalamikia. Msichana mmoja wa kutoka sekta ya Butare, hapa hapa Rusizi, mpole sana, alitaka kutengeneza ng'ombe. Bahati mbaya kiti alichopewa kilikuwa cha kijana aliyependa ndege. Kila alipobandika "tembea", Mukumbushaji alimletea mngurumo wa injini. Alikataa, alikataa, mwisho akachoka akakubali. Ng'ombe wake aliruka kutoka malishoni akinguruma mpaka akatoka nje ya skrini, na Mwalimu akacheka mpaka akaegemea ukuta wetu, nikaona mbao zinatikisika.

Jambo ambalo sikulielewa ni hili. Mtu huyo huyo aliyeitengeneza alikuwa adui wa watu wanaoitumia. Alipita nyuma ya viti, na akimwona mtoto anachukua kipande cha juu bila kufikiri aligonga meza kwa kidole. "Ile ni ya jana. Ya leo iko wapi?" Nikamuuliza siku moja: sasa kwa nini uliifanya, kama hutaki waifuate? Alinywa chai yake ya barafu. "Juu muntu aone ile amezoea, Maman. Kama haioni, ataiacha namna gani?" Nilimwambia kwamba mtu anayewapikia watu chakula ili wasile ana kasoro mahali. Alikubali.

Binti yake alikuwa kwenye darasa hilo. Mama wa mtoto alikuwa amefariki zamani, wakabaki wawili. Aliketi kiti cha mwisho, dirishani, na darasani alitakiwa kumwita babake Mwalimu kama wengine. Alisahau kila siku. "Papa, angaliya." "Hapa siko Papa." "Mwalimu Papa, angaliya." Darasa lote likacheka, na mimi ng'ambo ya ukuta nikacheka.

Yule mtoto hakupenda kufanya kitu mara mbili. Alitengeneza kitu, akakiona kimeenda, akakiacha na kuanza kingine kisichofanana nacho hata kidogo. Babake hilo lilimkera. Alitaka kazi imalizwe, irekebishwe, ing'arishwe. "Maliza ile ya kwanza!" "Nilisha kuiona, Papa." Nadhani alikuwa mtoto pekee ambaye Mwalimu hakuwahi kumgongea meza, lakini sikumsikia akimsifu pia. Kusifu hakukuwa kwenye madroo yake.

Wakati wa vakansi, likizo ya shule, Mwalimu alimpeleka binti yake kwa nyanya yake Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Si safari. Kutoka barabara ya kwetu unaona mabati ya nyumba zao. Mtoto alishikwa na homa. Vita vilikuwa vimesogea na mpaka ulikuwa umefungwa siku zile, hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Mwalimu alikuwa anafundisha watoto waliobaki wakati simu ilipoita. Nilisikia sauti yake ikikatika katikati ya neno, nikafikiri ni ndege. Nikatega sikio. Hapakuwa na ndege. Nikamsikia mlangoni akisema "ndiyo", halafu "ndiyo", halafu "saa ngapi". Kisha akarudi ndani na kuendelea na ile nusu ya neno iliyobaki, na somo likaenda mpaka mwisho.

Walimzika kule siku iliyofuata. Mwalimu alisikiliza mazishi kwenye simu, ameketi kitandani. Sisi tulijaa nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyekuwa anatuonyesha mahali pa kuweka miavuli. Nilimwambia alie, maana mtu asipolia watu wanaogopa. "Sikuona kintu, Maman," alisema. "Banamuzika, miye ninasikia mu telefone. Nitalilia telefone?" Mimi mwenyewe sikusikia uchungu wowote, nasema ukweli. Nilipika maharagwe ya wageni, nikaonja chumvi, nikaosha masufuria. Niliungoja uchungu, ukaja ubaridi tu, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unaugusa na hujui kama ni wako.

Masomo yalipoanza tena, kile kiti cha dirishani kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa, kompyuta na kila kitu. Direkta, mkuu wa kituo, aliuliza. Mwalimu akasema mashini inaumwa, anangoja kifaa. Mimi nilijua ni uongo, kwa sababu jioni, watoto wakishatoka, nilisikia feni ya kompyuta ile ikiwaka. Siku moja nikaingia. Alikuwa amebandika kipande kimoja tu, kile cha kuanzia, na anaangalia vipande vilivyotokea pembeni. Mikono ilikuwa mapajani.

"Ni byake," akasema. "Hii ni yeye anasema: Papa, sasa weka hii."

"Sasa mbona huweki?"

"Nikiweka, inahesabu. Na mutoto mwingine akiikala hapa, mu wiki moya itamusahau wangu."

Mimi si mtaalamu, ila nimefundisha watu kuhifadhi barua miaka yote. Nikamwambia anakili hayo mahesabu, ayaweke mahali pengine, kiti kipate mtu. Alinigeukia taratibu. "Kopi? Kopi ya mutoto wangu?" Hakupaza sauti. Sikurudia neno hilo tena, na hata leo nikiambiwa nitoe nakala ya kitu huwa nalikumbuka.

Laiti chumba kingekuwa na nafasi. Lakini watu walikuwa wanavuka kwa wingi kila mpaka ulipofunguliwa kidogo, na watoto wakazidi viti. Wawili kiti kimoja, watatu kiti kimoja, wengine wamesimama. Kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge kutoka Bukavu, amepanga chumba hapa Kamembe na mtoto wake wa kike, mrefu na mkimya. Alimfuata Mwalimu mlangoni mbele yangu.

"Mwalimu, mutoto wangu eko anasimama saa yote. Na kiti kiko pale."

"Ile mashini iko mugonjwa, Maman."

"Sawa. Si kiti ndiyo kiko mugonjwa. Umuikalishe, ataangaliya ya jirani."

Mwalimu alitazama dirishani, akamtazama yule mtoto, kisha akatoka nje kana kwamba kuna aliyemwita. Mama yule aliniuliza kama amemkosea. Nikamwambia hapana. Nikamwambia na sababu, na yeye akakaa chini kwenye ngazi, akasema kwa sauti ndogo: "Basi asimame. Miguu eko nayo." Hakuuliza tena, ila mtoto aliendelea kusimama, na Mwalimu aliendelea kumwona amesimama, kila siku, kuanzia mwanzo wa somo hadi mwisho.

Muda si mrefu nikapata kazi ya sekretari mjini, nikaondoka kituoni. Tulikutana na Mwalimu sokoni mara moja moja, yeye na sweta lake, na mazungumzo yetu yalikuwa ya bei ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Habari ya kiti sikuuliza. Nilikuwa na miezi mingi sijamwona nilipopita kituoni Jumamosi moja mchana kuchukua birika langu, ambalo mrithi wangu alikuwa anasema ni lake.

Chumba cha kompyuta kilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa dirishani, kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya meza. Safari hii mkono wake ulikuwa kwenye kipanya.

"Ikala, Maman," akasema, kama vile tuliachana jana.

Niliketi. Kwenye skrini kulikuwa na paka amesimama wima, na kando yake safu ndefu ya vipande ambayo ilishuka mpaka chini, na alipoivuta kwa kipanya iliendelea kushuka. Vya juu vilikuwa vya kila rangi: tembea, geuka, sema, rangi, sauti. Kadiri ilivyoshuka rangi zilipungua. Mwisho ikabaki rangi moja. Subiri. Subiri. Subiri. Sikuona mwisho wake.

"Niliona mutoto wa ile mama eko anasimama," alisema. "Nikasema, nitamupa kiti. Lakini mbele ya kumupa, nione kwanza mutoto wangu angefanya nini. Nikaweka ya kuanza. Kisha kila mara nakamata ile ya juu. Sichagui kintu. Ni yeye achague."

"Na alichagua?"

"Siku za kwanza, ndiyo. Nilisikia kabisa ni yeye. Nilikuwa naenda ku nyumba nafurahi." Alisema hilo neno kwa sauti ileile. "Kisha ikaanza kurudilia. Kila nikikamata moya inahesabu, inasema, aah, huyu anapenda hii, inamupatia tena. Subiri ni bloki ya kila mutoto, Maman. Ni bloki ya bure. Ile yote ya pembeni ikatoka. Angaliya."

Akabandika "tembea". Pembeni pakatokea "subiri". Akabandika "sema". Pakatokea "subiri".

"Ni miye nilimufuta," akasema. "Mukono wangu."

Nilitaka kumwambia kwamba si yeye, ni mashini. Lakini mashini ilikuwa yake, na alijua inavyohesabu kuliko mtu yeyote. Alisema yeye ndiye aliyeifundisha kuweka kinachorudiwa na kuacha kinachofanywa mara moja, ili isijae takataka.

"Na yeye bintu byake bya kweli, alibifanyaka mara moya moya tu."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira kwenye lango la kituo, na kila ulipogonga bati Mwalimu alipepesa macho. Nikamuuliza sasa atafanya nini. Akasema kesho kutwa yule msichana ataketi hapa, ameshamwambia mamake. Halafu akaanza kufungua madroo. La kwanza, la pili, akipita juu ya kila kipande polepole, akisoma kwa midomo bila sauti.

"Ile siku batoto balionyesha kazi ku ukuta," akasema bila kunitazama. "Yeye alifanyaka mama mwenye kuuza sambaza. Unamugusa, anafanya kintu. Bantu bote balipiga mikono. Ilikuwa bloki gani ile? Natafuta tangu asubuhi. Weye si ulikuwa pale?"

Nilikuwepo. Nilikuwa mstari wa mbele, nilipiga makofi na mtoto alinitazama akacheka. Nilifumba macho nikatafuta. Nilimwona mtoto, niliona mwanga wa projekta ukutani, nilisikia makofi. Yule mama wa sambaza alipoguswa alifanya nini, hapakuwa na kitu. Hapo ndipo uchungu ule niliokuwa nimeungoja siku zote uliponifikia.

"Sikumbuki, Mwalimu," nikasema.

Alitikisa kichwa, hakunilaumu. Akafunga droo lile, akafungua linalofuata.